Mzee wa Gunia

Ghala langu la mahindi liko katikati ya boma, kati ya nyumba yangu na nyumba ya mkwe wangu, mjane wa mwanangu. Jumatatu moja ya mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimekaa barazani nikipitia masomo ya misa, maana mpaka leo hupewa zamu ya kusoma kanisani, nikasikia sauti yake ikitoka ghalani.

"Mzee, sasa nitakugeuza upande wa kushoto. Usiogope. Nimekushika."

Kisha: "Haya, tumemaliza. Umeumia mahali?"

Nikafunga kitabu. Sikujua kwamba kuna mzee mwingine bomani mwangu.

Nitasema ukweli, kwa sababu umri wangu hauna tena nafasi ya kudanganya: wazo la kwanza lililonijia halikuwa la mtu aliyefundisha katekisimu miaka thelathini. Nilichukua fimbo yangu nikaenda polepole, nikikohoa njia nzima ili asije akasema nilimnyemelea. Nikasimama mbali kidogo na mlango, kama inavyotakiwa, nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Mbele yake lilikuwa gunia la mahindi lililojazwa nusu, limefungwa leso kiunoni, limevikwa koti langu kuukuu la mvua. Juu kabisa lilivaa kofia yangu, ile niliyokuwa naitafuta tangu Pasaka.

"Mama," nikamwita kutoka nje, "huyo mgeni amekula?"

Alishtuka, akaanza kucheka, kisha akafunika uso kwa mikono. "Baba, nisamehe. Nafanya mazoezi."

Lazima nieleze jinsi tulivyoishi, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu sisi watu wa Bungoma, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono. Siingii nyumbani kwake, naye haingii chumbani kwangu. Tulihamia upande huu wa Kwanza, huku Trans-Nzoia, kabla mwanangu hajazaliwa, tukalima mahindi katikati ya watu wa makabila mengine, lakini heshima hiyo tulikuja nayo. Kwa miaka kumi na minne mkwe wangu alikuwa ameniletea chakula namna moja tu: anakiweka juu ya kigoda nje ya mlango wangu, anakohoa mara moja, anarudi kwake. Mimi husema asante nikiwa ndani. Marehemu mke wangu alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku kati yetu. Alipougua, tukamhamishia chumba cha pembeni, mkwe wangu ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani hadi siku Mungu alipomwita. Baada ya mazishi tulibaki wawili, yeye kule, mimi huku, na kigoda katikati. Mjukuu wangu wa pekee, mtoto wake, yuko shule ya bweni Kimilili, hukohuko Bungoma, huja likizo tu. Kikohozi hicho cha mchana na cha jioni ndicho kilichokuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Akiwa bado mlangoni mwa ghala, macho yake yakiwa chini, alinieleza. Alikuwa amemaliza mafunzo ya kuhudumia wazee mjini Kitale, nami nilijua hilo. Kumbe siku chache baadaye aliitwa kwenye mahojiano katika makao ya wazee hukohuko Kitale, nalo sikulijua. Alikuwa ameshindwa, akanyamaza. Sasa ameitwa tena, mahali pengine, Bungoma. Ijumaa.

"Yale ya Kitale ulikosea nini?"

"Maswali nilijibu yote, Baba. Halafu wakaniambia, mwinue huyu mzee kutoka kitandani, mkalishe kwenye kiti cha magurudumu, umwoshe miguu. Alikuwa mtu wa rika lako. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikainamisha macho. Mikono ikakataa. Walingoja, wakangoja. Yule mama aliyekuwa anaandika akasema, huyu anaogopa wagonjwa."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Ningemwambia anafanana na wewe?"

Nilirudi barazani. Kitabu kilikuwa bado pale, lakini sikukifungua. Nilijua sasa kilichomfungia mlango. Ni mimi. Si kwa ubaya. Kwa heshima tu. Na nilijua jambo jingine. Akipata kazi hiyo atakaa Bungoma, karibu na mtoto wake, na kigoda changu kitabaki kitupu. Akikosa mara ya pili hataomba tena, namjua. Siku mbili nilisali: mapenzi ya Mungu yatimizwe. Kwa mdomo nilisema hivyo. Ndani nilikuwa natumaini mapenzi ya Mungu ni kwamba abaki. Nimefundisha watoto wengi sala hiyo, na sikumbuki kama niliwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kuisali huku amelifunga jambo kwa fundo la kamba upande wake.

Mkwe wangu aliendelea na gunia lake. Nilikuwa namsikia kila alasiri. "Mzee, sasa naosha mguu wa kulia. Maji si moto sana?" Gunia halijibu. Nilianza kulionea wivu gunia.

Jumatano alikuja jirani yetu, mama mmoja mjane anayeuza viazi, ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya. Huyo hana kizingiti mdomoni. Alikuwa ameleta karai la viazi, akapitia ghalani, akatoka huko anacheka hadi machozi.

"Katekista! Umekufa lini ukageuzwa gunia?"

"Sijafa, mama."

"Si nimeona koti lako. Nimelisalimu, halijanijibu, nikasema leo mzee ameringa." Akaketi ngazini bila kualikwa. Nikamweleza habari ya mahojiano, na ile ya Kitale pia. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ati mtoto anaacha mzee mzima amekaa hapa barazani, anaenda kuinua mahindi?"

"Mimi ni baba mkwe wake."

"Nyinyi watu wa Bungoma, bana! Mkwe akikanyaga kivuli chako, mnaita mkutano." Kisha akapunguza sauti. "Hiyo kitu haifunguliwi? Kwetu kila kitu kinafunguliwa. Shida ni nani atatoa mbuzi."

Nikamwambia kwamba hata kwetu mwiko huo hufunguliwa, kwa zawadi na mbele ya shahidi. Nimeona wazee wakifanya hivyo mtu akiugua na pasiwe na mwingine wa kumshika. Lakini mimi sikuwa mgonjwa.

"Basi ngoja uugue," akasema. "Yeye atakuwa Bungoma au hatakuwa, na wewe utalala hapo na heshima yako."

Alichukua karai lake tupu akaenda. Nilikaa pale. Kila Alhamisi Kuu, kwa miaka mingi, mimi ndiye niliyechagua watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu na padri. Kila mwaka kulikuwa na mzee aliyekataa, aliyeficha miguu chini ya benchi, na kila mwaka nilimwambia maneno yaleyale: kukubali kuoshwa nako ni kazi, usimnyime mwenzako. Niliyasema vizuri sana. Mimi mwenyewe sikuwahi kuoshwa. Nilikuwa msimamizi.

Alhamisi asubuhi nilikamata kuku, tetea mwekundu aliyeanza tu kutaga, nikamfunga miguu kwa utambaa. Nikamtuma mtu amwite jirani. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya: nikachukua kigoda changu, nikakibeba hadi katikati ya uwanja, nikakikalia.

"Mama," nikaita, "toka nje. Leta beseni na maji."

Alitoka, akaona kuku, akamwona jirani amesimama na mikono kiunoni kama mtu wa serikali, akaelewa. Nilimpa kuku, akampokea kwa mikono miwili. Nikasema mbele ya shahidi kwamba kuanzia leo kati ya mkono wangu na mkono wake hakuna kizuizi, na kwamba Mungu ametupa sote ruhusa. Kisha nikanyoosha mkono. Aliweka kuku chini. Mkono wake ulikuwa mgumu wa jembe. Wangu pia.

"Haya, imetosha, huu si mkutano wa kisiasa," jirani akasema, lakini nilimwona akijifuta jicho. "Mimi ndiye mkubwa wa makao. Wewe binti, jina lako nani, na kwa nini unataka kazi hapa? Usiniambie unapenda wazee. Hakuna mtu anapenda wazee. Wanakojoa."

Mkwe wangu alicheka, akasimama wima, akajibu. Alisema alimhudumia mama mkwe wake hadi mwisho, na kwamba alijifunza kwake jambo ambalo walimu wa Kitale walilirudia baadaye: usimguse mgonjwa kabla ya kumwambia unachotaka kufanya, kwa sababu mwili ni wake hata kama nguvu zimeisha. Sikuwa nimelijua hilo. Mke wangu aliugua nyumbani mwangu, nami nilidhani najua kila kitu.

"Sawa. Huyu mgonjwa hapa amepooza upande mmoja. Ni mkaidi. Tuone."

Akapiga magoti mbele yangu. Macho yalishuka, kwa mazoea. Jirani akapiga kofi moja. "Mwangalie! Ataanguka ukiangalia udongo."

Akaniangalia. Kwa miaka kumi na minne sikuwa nimejua kwamba mkwe wangu ana kovu dogo juu ya nyusi.

"Mzee," akasema, "sasa nitakushika mgongoni. Nikihesabu tatu, tutasimama pamoja. Uko tayari?"

Tangu mke wangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa amenishika, ila kwa salamu za kanisani. Nilijibu kwamba niko tayari. Aliniinua mara ya kwanza tukayumba, kuku akapiga kelele, jirani akasema wagonjwa wawili wamekufa. Mara ya tatu nilisimama kama mtoto anayesimamishwa na mama yake. Kisha akanivua viatu akaniosha miguu, mguu wa kulia kwanza, kati ya vidole, polepole, akiniambia kila hatua. Niliangalia juu ya paa la ghala, ili wasiyaone macho yangu.

Siku hiyo tulirudia hadi maji yakaisha kwenye pipa.

Ijumaa aliondoka kungali na umande, amevaa sketi ya bluu na sweta ya kanisani. Alinipa mkono kabla ya kwenda. Nilisali rozari, na safari hii nilijaribu kufungua lile fundo. Niliomba apate. Nililiomba kwa sauti, ili nisijidanganye.

Alirudi alasiri, akaja moja kwa moja barazani. Hakukohoa.

"Baba, walinipa mzee mkorofi kuliko wote. Amekataa kuguswa na wenzangu wawili. Nikamwambia nataka kufanya nini. Akaniuliza, wewe ni mke wa watu wa wapi? Nikamwambia, ni mkwe wa mzee mmoja wa Bungoma aliyehamia Kwanza. Akasema, mkwe wa watu, na unataka kunishika? Huna adabu?"

"Ukasema nini?"

"Nikamwambia, nilifunguliwa na kuku." Akacheka. "Huyo mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema, kuku wa rangi gani? Nikamwambia mwekundu. Akanyoosha mguu mwenyewe."

Wiki iliyofuata walimpigia simu. Alianza mwanzo wa mwezi.

Siku ya kuondoka alikunja mkeka ghalani, akamwaga mahindi ya lile gunia pamoja na mengine, akatundika koti langu msumarini na kofia juu yake. Kuku aliniachia, akasema huko Bungoma hawana mahali pa kufuga. Jirani hunipikia siku za soko. Siku nyingine napika mwenyewe, ugali wangu huwa na madonge. Kigoda nilikirudisha nje ya mlango. Sijui kwa nini. Wakati mwingine, saa saba mchana, nasikia kikohozi, nainuka, kumbe ni mtu anapita njiani. Mkwe wangu hupiga simu Jumapili baada ya misa, hunisimulia wazee wake, mmojammoja, bila majina. Nafurahi. Namshukuru Mungu kwa hao waliopata mikono hiyo, na simwambii kwamba boma ni kubwa.

Asubuhi ndipo pagumu. Magoti yangu hayataki baridi ya huku. Basi hukaa ukingoni mwa kitanda, naweka mkono mmoja mgongoni mwangu, pale alipokuwa ameuweka yeye.

"Mzee," najiambia, "sasa tutasimama. Nikihesabu tatu. Uko tayari?"

Nangoja kidogo, kama inavyotakiwa, mpaka nijibu.