Goti Lililonyamaza

Mama alipotoka hospitali Mwanza akiwa amebadilishiwa goti la kulia, kikao cha familia kilinichagua mimi kuwa msimamizi wake. Sababu zilikuwa mbili: nina shahada, na sina kazi. Baba alizitaja kwa mpangilio huo ili anitunzie heshima. Shangazi, aliyekuwa anasikiliza kwa simu kutoka Mwamapalala, alianza na ile ya pili.

Shahada yangu ni ya utawala wa watumishi, na katika miaka yote mitatu hakuna mhadhiri aliyegusia magoti. Hilo halikunizuia. Nilichora jedwali la mpango kazi lenye malengo, shughuli, viashiria na mhusika. Mhusika katika kila mstari alikuwa Mama. Nikalibandika sebuleni, mahali palipokuwa na kalenda ya kanisa, na kalenda ikahamia jikoni.

Karatasi ya hospitali ilisema goti lijikunje mpaka digrii tisini, angalau. Nikafukua mkebe wangu wa hesabu wa sekondari, nikatoa protrakta, na kila asubuhi baada ya chai nilikaa chini mbele ya mguu wa Mama kupima. Siku ya kwanza sabini na tano. Siku ya pili sabini na tatu. Zile digrii mbili zilizopotea zilinikosesha hamu ya kula. Niliwaza usaha, nikawaza damu iliyoganda, nikawaza chuma kimelegea mahali na kinazunguka ndani kama kokwa. Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikachaji, nikaendelea.

"Jana ulikaa upande mwingine wa goti," Mama alisema. "Ulikisoma hicho kidude kutoka juu. Leo unakisoma kutoka chini."

Kweli.

Wageni wa kumpa pole nao walikuja na utaalamu wao. Jirani yetu anayeuza dagaa pale sokoni Bariadi alikunywa soda, akaliangalia goti kwa muda, akasema, "Mvua zikianza usikae nje, mama. Radi inapenda chuma." Mama alicheka. Mimi nilicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko yake, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kwenye simu kama radi inapenda chuma.

Tulisonga mbele hivyohivyo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo Baba alimpa fundi seremala kiti cha plastiki akitoboe katikati, na fundi akakitoboa kwa uangalifu kama anayechonga mimbari. Mama alijifunza kukikalia, kupanda ngazi mbili za barazani, kuvaa kiatu mwenyewe, kusonga ugali akiwa amesimama. Kila jambo nililiwekea alama ya vema kwenye jedwali. Alipofika digrii tisini na tano nilitaka tupige picha. Aliniangalia kama mtu anayeombwa kushangilia goli la timu asiyoijua.

"Hizo digrii zako siziwezi," alisema. "Mimi nataka nishuke chini kwa mama, halafu niinuke. Nikifanya hilo nimepona. Nisipofanya, hata uandike mia mbili."

"Mama" kwake ni mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, anayeishi Mwamapalala na shangazi. Bibi ni mzee sana. Macho yake yamefunikwa na ukungu, na siku nzima anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akijua kila anayepita kwa hatua zake. Tangu Mama aolewe, salamu yake kwa Bibi ni moja. Anapiga magoti yote mawili, anainamisha kichwa, anamsalimia kwa Kisukuma kama mama yake mzazi, "Mwadila, mayu." Bibi anamwekea kiganja kichwani na kuitikia. Mama alifanya hivyo akiwa na mimba yangu, na alifanya hivyo miaka yote goti lilipokuwa linamuua, akiinuka kwa kushika ukuta na kusingizia kwamba anaangalia nyufa.

Sasa alikuwa amemaliza miezi mitatu bila kukanyaga Mwamapalala. Bibi alituma ujumbe kwa simu ya shangazi: "Mwambieni mkamwana wangu, kama amekufa aniambie, niache kumwekea karanga."

Mama aliusikia ujumbe huo. Mchana ule nilimkuta sebuleni ameweka mto sakafuni na amejaribu kupiga goti juu yake. Alikuwa amekwama katikati, mkono mmoja kwenye kochi, hawezi kushuka wala kupanda, jasho linamtoka. Nilimwinua, nikamkalisha kwenye kochi. Nilimpigia mtaalamu wa mazoezi wa hospitali. Akasema ni mapema mno, na kwamba wapo ambao goti jipya linakataa kabisa kupigwa sakafuni, hata baada ya mwaka.

"Basi siendi," Mama alisema. "Nikamsimamie mama mkwe kichwani kama askari wa mgambo? Aondoke duniani akijua nimepata kiburi cha chuma?"

Bibi hakuwa mtu wa kusubirishwa mwaka. Hilo sote tulilijua.

Niliwaza siku nne. Nilifikiria ngazi, godoro, kamba. Nilifikiria kumwandikia Bibi barua, nikakumbuka hasomi, nikafikiria kumsomea barua hiyo, nikajisikia vibaya kabla hata sijaiandika. Siku ya tano nikapata jibu, na lilitoka moja kwa moja kwenye shahada yangu.

"Mgawanyo wa majukumu," nilimwambia Mama. "Wewe utasalimia. Mimi nitapiga magoti."

"Huo ni uongo."

"Uongo uko wapi? Salamu itakuwa ya kweli na magoti yatakuwa ya kweli."

"Ya watu wawili!"

"Ofisini ndivyo wanavyofanya kazi."

"Ofisi ipi uliyowahi kukaa wewe?"

Lakini alizitaka zile karanga. Baba, tulipomweleza, alisema ana safari ya ghafla ya Mwanhuzi kuangalia ng'ombe, ambao hatuna. Tulifanya mazoezi mara sita. Mimi mbele, nimepiga magoti, nimefungwa kilemba cha kitenge ili Bibi akigusa kichwa akute kitambaa. Mama nyuma yangu, ameegemea gongo, ameinama juu ya bega langu ili sauti itoke chini. Nilimwomba apunguze marashi, halafu nikaona nimekosea, nikajipaka yale marashi mimi.

Tulikodi gari dogo, Mama akakaa mbele mguu umenyooka. Mwamapalala ilikuwa kwenye mavuno. Chumba cha mbele cha nyumba ya Bibi kilijaa pamba mpaka dirishani, na Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, mdogo kando ya lile lundo jeupe. Shangazi alitoka kutupokea, akaniona na kilemba, akafungua mdomo. Niliweka kidole kwenye midomo yangu. Akaufunga, lakini mabega yalishaanza kutikisika.

Nikapiga magoti. Mama akainama juu ya bega langu.

"Mwadila, mayu."

Kiganja cha Bibi kilikuja taratibu, kikatua kwenye kilemba. Kikakaa.

"Magoti hayajalia," Bibi alisema.

Shangazi alijiziba mdomo kwa khanga.

"Magoti ya mkamwana wangu yanalia. Ka, ka. La kulia kwanza, la kushoto baadaye. Hapo ndipo najua amefika, ananisalimia. Haya hayana sauti." Kiganja kilishuka shavuni, kikafika kidevuni, kikakutana na ndevu zangu za siku mbili. "Na mkamwana wangu hana ndevu."

Shangazi alianguka kwenye pamba.

"Ni mimi, Bibi," nilisema.

"Wewe! Ndiko walikokusomesha? Wamekupa kilemba badala ya kazi?"

"Bibi, nilikuwa najaribu kugawanya majukumu ya..."

"Nyamaza. Mkamwana wangu yuko wapi?"

Mama alijinyoosha. Nilijua bila kugeuka kwamba analia. "Niko hapa, mama. Nimesimama," alisema. "Goti wamenitoa, wameniwekea la chuma. Halishuki. Nimejaribu nyumbani, halishuki. Sikuja kwa sababu niliona haya."

"Lete nilione."

Mama alisogea. Bibi alinyoosha mikono yote miwili, akalipapasa lile goti juu ya kitenge, akafuata kovu kwa kidole kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anayetafuta mshono wa gunia.

"Linauma?"

"Lile la zamani ndilo lililokuwa linauma, mama."

"Miaka yote ile lilikuwa linalia kwa kuuma?"

Mama alijifuta macho. Bibi aliondoa mikono gotini. Nilidhani amekasirika, na nilikuwa nimeshaanza kutunga maelezo, kichwani nikiwa kwenye aya ya pili.

"Leteni kiti," Bibi alisema.

Shangazi akaleta kiti cha plastiki. Mama akarudi nyuma. "Mama, siwezi kukaa juu wewe ukiwa chini."

"Nani kasema ukae juu yangu? Leteni viwili."

Shangazi akaacha kucheka. Bibi hajawahi kukaa kwenye kiti. Anasema viti ni vya wageni na viongozi. Lakini alitunyooshea mikono, mimi na shangazi tukamshika huku na huku, tukamwinua kutoka kwenye kigoda, tukampandisha. Alikuwa mwepesi kama tita la kuni kavu. Miguu yake haikufika chini. Ilining'inia, na akaitikisa kidogo kama anayejaribu kina cha maji.

"Haya. Kaa," alimwambia Mama. "Usimwage machozi kwenye pamba, wanunuzi wataishusha daraja."

Mama alikaa, mguu umenyooka mbele. Mabega yao yalikuwa sawa. Akasalimia upya, na Bibi hakuwa na haja ya kuinama kumwekea kiganja kichwani. Alimwitikia kwa salamu ndefu ya Kisukuma, akaulizia mvua, mahindi na Baba, na alipoambiwa Baba yuko wapi, akaulizia na hao ng'ombe wa Mwanhuzi. Shangazi alileta karanga.

Nilianza kuinuka.

"Wewe nani kakuruhusu?" Bibi alisema. "Ulikuja kupiga magoti. Piga."

Nikabaki. Walizungumza mpaka karanga zikaisha, wakaleta nyingine. Walizungumza habari za watu wa Nkoma nisiowajua, na mara mbili walicheka mpaka Bibi akashika mkono wa kiti. Kuhusu jedwali langu la ukutani Mama alieleza kirefu kuliko nilivyoona ni lazima. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye kokoto.

Jua lilipopungua, dereva akapiga honi. Bibi akaniruhusu. Niliinuka kwa kushika ukuta, nikajifanya naangalia nyufa, na goti langu la kulia likalia: ka.

Bibi aligeuza uso.

"Mkamwana?" akasema. Kisha akacheka peke yake, miguu ikining'inia.