Kifungo cha Mama

Juzi rafiki alinionyesha kwenye simu picha ya sarafu ya dhahabu, moja ya chache zilizotengenezwa. Bei yake ingenunua pirogi mpya ya kuvulia samaki na injini yake. Niliitambua, maana Mama anayo.

Alasiri moja, nikiwa mdogo, niliitoa kwenye kopo lake la vifungo nikaipeleka kwa jirani aliyekaanga mikate. Nilimnyoshea nikaomba mkate. Jirani akaigeuza kwa vidole vyenye unga.

“Hii haiko feza, mutoto. Feza njo makaratasi. Hii njo kifungo cha koti.”

Akanirudishia, pamoja na mkate mmoja wa bure. Nilirudi nikimwonea Mama huruma, kwa kutunza kifungo kisicho na koti.

Jana nilimwuliza kwa nini bado anaiacha sarafu kwenye kopo lile.

“Papa,” akasema, kama anavyoniita tangu utotoni, “nani ataiba kifungo?”