Tone la Rufaida na Udhu wa Bi Shekha

Rufaida wa Mambrui anasomea shahada ya uzamili ya fizikia huko Kilifi, na kazi yake, ukimuuliza, ni kutazama tone likitua ukutani. Tone lenyewe limo ndani ya kompyuta. Ni vijiduara vinavyovutana, na ukuta nao ni vijiduara. Ukuta ukivuta sana, tone hutandaa. Ukivuta kidogo, hujikunja likakaa peke yake. Mtaani walidhani ni fundi, wakawa wanamletea simu mbovu.

Siku moja alimwonyesha nyanya yake, Bi Shekha, na kama walivyo wasomi, akatafuta mfano wa karibu.

"Huu ukuta ni kama ngozi iliyopakwa mafuta, nyanya. Tazama, maji hayashiki."

Bi Shekha akatazama, akasema mashallah, akaenda zake jikoni.

Sasa Bi Shekha ana visigino vilivyopasuka, na tangu ujanani huvipaka mafuta ya nazi. Rufaida aliporudi mwezi uliofuata alikuta visigino vinatoka damu, vikavu, mafuta ameyaacha, na kila baada ya faradhi bibi wa watu anasimama tena kwa magoti yake mabovu. Alikuwa akizilipa sala za maisha yake yote, kwa kuwa maji ya udhu hayakuwahi kushika miguuni.

"Hukumuuliza ustadh?"

"Nilimuuliza. Kasema maji yakipita juu ya ngozi yatosha. Lakini wewe ulinionyesha kwa macho."

Rufaida alijichukia. Akafungua kompyuta, akaikuza picha mpaka vijiduara vya chini vikaonekana vimelala juu ya ukuta.

"Yamegusa, nyanya. Hata tone likijikunja, limegusa. Na tena haya si maji. Ni kimiminika cha kubuni, tumekifanya chepesi ili hesabu iwezekane. Mafuta hayamo, ngozi haimo. Ustadh kasema kweli, mimi ndiye niliyekosea."

Bi Shekha akamkazia macho. Rufaida hajapata kuwaogopa walimu wake namna ile.

"Kwa hivyo sala zangu za zamani zimefaa?"

"Inshallah zimefaa."

"Na hizi nilizozirudia?"

"Hizo ni ziada, nyanya."

Bi Shekha akaketi, akanyoosha miguu polepole.

"Basi hizo Mungu amwandikie babu yako, Allah amrehemu. Alfajiri ilikuwa ikimshinda."