Manyeto ya Ruziba

Ugomvi mkubwa wa mama yangu na mdogo wake ulikuwa juu ya wimbo. Walipokuwa wasichana wa mtaa wa Buyenzi walikuwa na kikundi cha wanawake cha kuimba harusini. Kwenye harusi moja, mwalimu mgeni aliyepanga chumba jirani alileta manyeto, ile mashine nzito ya kurekodi yenye magurudumu mawili ya mkanda juu yake, akarekodi kikundi kizima. Alipohama alimpa mama mkanda, mashine akaondoka nayo. Tangu hapo mama alisema ni yeye aliyeanzisha wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, na mama mdogo akasema ni yeye. Mkanda wenyewe ulikaa kwenye kopo la biskuti, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuuchezea.

Vita vilipofika mtaa wetu wa kaskazini mwa mji, tulitoka asubuhi na tulichoweza kubeba. Mimi nilijitwika cherehani yangu. Mama aliacha masufuria, akaacha godoro jipya, akabeba kopo la biskuti. Nilimkasirikia njia nzima. Tulikwenda Buyenzi, kwenye uwanja wa marehemu babu, nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja, alikokuwa anaishi mama mdogo na watoto wake, tukapewa vyumba vya nyuma.

Pale mama alinyamaza. Alikula alichopewa, akasali, akarudi kukaa mlangoni. Watu walikuja kumpa pole kwa nyumba yetu iliyoungua, akawaitikia kwa kichwa. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtoa kwenye kile kimya, na mama mdogo alikijua.

"Ule wimbo mi ndiye niliuanza," mama mdogo alikuwa anasema huku anachagua mchele, bila kuinua macho.

"We?" Mama aligeuka mzima. "We ulikuwa nyuma, unashika tari ya watu!"

"Dada, umezeeka, umesahau."

"Apana! Allah ananisikia. We mutoto ule, nani angekupa wimbo wa bibi harusi?"

Kwa muda huo mfupi mama alikuwa mama. Macho yalimwaka, mikono ilizunguka hewani. Kisha alinyamaza tena. Mimi nilikuwa nakaa kwenye cherehani yangu nikiwatazama, na siku moja nikajiambia kwamba nitatafuta manyeto hata kama iko chini ya ziwa.

Wakati ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Vitu vipya vilikuwa haviingii, kwa hiyo mji mzima uligeukia vya zamani. Kwenye soko la Ruvumera, upande wa vyombo vilivyotumika, wachuuzi walitandaza mashuka chini na kupanga vitu vya watu walioondoka au waliokosa chakula: redio zisizo na mgongo, pasi, platini za kuchezea sahani za muziki, maspika yenye vitambaa vilivyotoboka. Nilikwenda kila Jumamosi nilipokuwa sina nguo za kumalizia. Mwanzoni wachuuzi walinicheka.

"Dada, vyombo vya jikoni viko kule," mmoja alinionyesha kwa kidevu.

"Nataka manyeto ya magurudumu."

"Manyeto! Hiyo ni ya wakati wa baba zetu. Chukua kaseti."

Sikuchukua kaseti. Ila nilianza kushika vile vitu, na sitasema uongo: nilivipenda. Nilipenda vifungo vya chuma vinavyozunguka kwa uzito, kama vimetiwa mafuta jana. Nilipenda harufu ya vumbi linalopashwa moto amplifaya inapoamka. Nilijifunza kuinamisha platini na kusikiliza kama kuna kitu kimelegea ndani, kugusa utando wa spika kwa ncha ya kidole, kunusa transfoma kama imeungua. Kabla ya mwaka kuisha nilikuwa na amplifaya ndogo ya mbao na maspika mawili yasiyofanana, niliyoyavalisha kitambaa kipya kilichobaki kwenye gauni la mteja. Yalilia vizuri kuliko redio yoyote ya uwanja wetu. Wachuuzi waliacha kucheka. Wakawa wananiwekea vitu kando. Lakini manyeto haikuonekana.

Halafu mteja wangu mmoja akaniambia kwamba kuna familia ya wageni inahama Mutanga Nord na inauza kila kitu uani. Nilitupa mkasi nikaenda. Niliiona tangu getini. Ilikuwa kwenye majani, ya kijivu, mfuniko wazi, magurudumu yake mawili yanang'aa juani. Nilipoifikia, mwanaume mmoja alikuwa tayari ameinama anaifunga kwa kamba.

"Kaka, hiyo nimeitafuta mwaka mzima," nikamwambia.

"Nimeshanunua."

"Utaifanyia nini?"

"Shaba," akasema. "Ndani kuna mota, kuna transfoma. Nachukua shaba, lile sanduku natupa."

Nilimsihi mpaka nikaona haya. Nilimwambia habari za mama, nilimwambia habari za mkanda. Alinisikiliza kwa heshima, akaibeba mabegani, akaondoka nayo. Nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba na kulia kama mtu aliyefiwa. Mpishi wa nyumba, mzee aliyekuwa anakusanya sahani, akanihurumia.

"Usilie, mwanangu. Zilikuwa mbili," akasema. "Ile ingine bwana alimpa mlinzi wetu wa zamani alipostaafu. Mlinzi amekufa, lakini mke wake yuko Ruziba, karibu na pale wanapoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani."

Ruziba si mbali, ila siku zile umbali haukupimwa kwa barabara. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika kwenye vilima juu ya Kanyosha, na siku nyingine hakuna aliyepita kuelekea kusini. Nilisubiri mpaka wanawake wanaouza samaki waliponiambia kwamba wamepita asubuhi na kurudi salama. Nikafuatana nao.

Nyumba haikuwa ngumu kupata. Mjane alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya taratibu. Tuliamkiana kwa Kirundi, akanikaribisha ndani, na pale ndani, chini ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, niliona miguu minne ya mpira kama ya ile mashine ya Mutanga. Juu yake kulikuwa na mtungi wa maji.

Nilimweleza kilichonileta. Aliutazama mtungi wake, akanitazama mimi.

"Hii ni meza yangu," akasema.

"Nitakununulia meza, mama. Nzuri kuliko hii."

"Meza yangu hii ni nzuri." Akafikiri. "We unafanya kazi gani?"

"Ninashona."

Hapo uso wake ukabadilika. Binti yake alikuwa anaolewa, na nguo za harusi za imvutano, zile nyepesi za kufungwa begani, zilikuwa zimepanda bei mjini kwa sababu vitambaa haviingii. Alikuwa na kitambaa, alikiweka tangu mume wake yuko hai, ila fundi hana.

"Mushonee mutoto wangu imvutano," akasema, "mutu akimuona aseme huyu ametoka kwa watu. Ukifanya hivyo, unabeba meza."

Nilishona ile nguo kama naishona kwa ajili ya roho yangu. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya machungwa yaliyoiva, chepesi, kinachoteleza chini ya sindano, na sikutaka kipande kipotee. Umeme ulipokatika nilizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Niliporudi Ruziba, mjane aliigeuza nguo nje ndani, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akamvalisha binti yake. Binti alizunguka mbele yetu. Mama yake alikwenda kwenye meza, akatua mtungi chini, akakunja kile kitambaa cheupe, akanipa nacho.

"Kiende pamoja nayo," akasema.

Tuliifunga manyeto kwenye gunia, nikamchukua mwenye baiskeli ya kubeba mizigo, tukaanza kurudi. Kanyosha tukakuta bariyeri ya wanajeshi. Mmoja aligonga gunia kwa kiganja.

"Nini hii?"

"Manyeto, afande."

"Fungua."

Nilifungua. Alipoona vifungo na matundu ya nyaya, alirudi nyuma hatua moja, na bunduki ikashuka begani. Mwenye baiskeli akajisogeza taratibu mpaka akawa anasimama kama mtu asiyenijua.

"Hii ni mashine ya mawasiliano," mwanajeshi akasema. "Unaongea na nani milimani?"

Nilijua watu waliopotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini kitu kilichonitoka kinywani kilikuwa hasira, hasira ya fundi aliyemaliza kazi yake.

"Siongei na mutu milimani! Nataka kujua nani alianzisha wimbo. Mama yangu ama mama mdogo. Wanagombana tangu sijazaliwa, wananichosha!"

Wakanitazama. Nikaendelea, nikawaeleza yote, harusi, mwalimu, kopo la biskuti. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye kofia iliyopauka, akaja kuangalia. Aliinua mfuniko, na mende wa kila umri wakatoka mbio, wakamwagika kwenye viatu vyake. Wanajeshi wakaruka huku na huku wakikanyaga. Mkubwa akacheka mpaka akavua kofia.

"Mashine ya waasi hii?" akawaambia wenzake. "Hii nyumba ya mende. Mama, beba. Na ukijua nani alianzisha wimbo, pita utuambie."

Nyumbani niliifungua kwenye mkeka. Niliisafisha kwa brashi ya kupakia rangi, nikapangusa kichwa cha kusomea mkanda kwa pamba na spiriti ya famasi. Mota ilizunguka, ila magurudumu yalikaa tuli, kwa sababu mpira unaoyavuta ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Mpira wa aina hiyo haukuwepo nchini. Nikachukua chupi ya tairi ya baiskeli, ule mpira wa ndani unaojazwa upepo, nikakata pete kwa mkasi wangu mkubwa. Pete ya kwanza ilikuwa nene upande mmoja na magurudumu yakayumba. Nikashusha pumzi, nikakata nyingine kama ninavyokata shingo ya gauni, kwa mkato mmoja tu, bila kusimama. Ile ilikaa. Magurudumu yakazunguka, laini, bila sauti, nami nikapiga kigelegele peke yangu chumbani.

Jumapili alasiri umeme ulikuwepo. Niliunganisha manyeto kwenye amplifaya na yale maspika yangu mawili, nikaviweka uani. Mama alileta kopo la biskuti, akalifungua mwenyewe. Mama mdogo akaketi mbele kabisa, amekunja mikono. Majirani walisimama ukutani, na wengine wawili waliokuwa kwenye kikundi kile walikuja wameshikana mikono, wamevaa kanga zao za sherehe.

Niliupachika mkanda, nikabonyeza. Maspika yakatoa sauti za bata wanaokimbizwa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mama akafunika uso. Nikakumbuka kifungo cha mwendo, nikakigeuza, nikarudisha mkanda mwanzo, nikabonyeza tena.

Kwanza ulikuja mvumo. Kisha nyayo, mtoto analia mbali, tari inagongwa kujaribiwa. Halafu sauti ya msichana, karibu sana, inanong'ona kwa haraka:

"Dada, anza wewe. Mi naogopa."

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Kila mtu pale uani aliitambua, na yeye wa kwanza. Ikafuata sauti ya mama, changa, nyororo, imenyooka kama uzi uliovutwa, ikauanza wimbo bila kutetemeka, na kikundi kizima kikaingia nyuma yake.

Mama alisimama. Hakusema "nilikwambia." Aliinua mikono yote miwili juu, akaanza kuzunguka uani kwa hatua za bibi harusi, taratibu, kidevu juu, na majirani wakapasua vigelegele. Mama mdogo alicheka mpaka machozi yakamshuka.

"Nilikuwa mutoto!" akapiga kelele. "Niliogopa! Dada, nisamehe, mi nilijisikia nimeanza!"

"Haya, inuka," mama akamwambia, akamvuta mkono. "Sasa uogope tena nikuone."

Wakaimba pamoja na mkanda, na mkanda ulipokwisha wao hawakukoma. Wale wawili wa kikundi wakaingia, mmoja amesahau maneno, mwingine amekumbuka yote. Kabla ya jua kupungua, kila mtu alitawanyika kuwahi nyumbani kabla ya saa za kutotoka nje, lakini wimbo ulikuwa umeshatoka nje ya ukuta wetu.

Wiki hiyohiyo watu walikuja kubisha. Harusi za siku zile zilifanywa mchana, haraka haraka, bila bendi, na wazazi walitaka japo kitu kidogo cha kumfurahisha bibi harusi. Wakamtaka mama. Mama akawaambia kwamba haendi bila mdogo wake, wala bila wale wawili, na kwamba binti yake ndiye fundi wa vyombo, apewe kiti kizuri na stimu ya kuwashia vyombo. Nikafunga maspika yangu kwenye mkokoteni, na kikundi cha wanawake watu wazima kikatembea barabara za Buyenzi mchana kweupe, kikiwa na tari, kanga za sare nilizozipinda mwenyewe, na amplifaya ya mbao inayoheshimiwa kuliko wageni.

Nikaja kugundua pia kwamba manyeto inarekodi. Mchuuzi mmoja wa Ruvumera, mmoja wa wale walionicheka, alinipatia mkanda mtupu, akakataa hata kushukuriwa. Nikaweka mikrofoni mbele ya kikundi. Mama akakohoa, akapanga kanga yake, akawatazama wenzake mmoja mmoja, akaanza. Katikati ya ubeti mama mdogo alikosea, akajaribu kuficha.

"Simamisha," mama akaniambia. "Rudisha nyuma. Huyu ananiharibia."