Skuta Niliyoichagua kwa Mashine ya Kuandikia

Lori lililokuwa likituchukua asubuhi kutoka mjini hadi Base, kambi kubwa ya jeshi, lilipelekwa vitani. Lilirudi mara moja tu likiwa limebeba majeruhi, kisha hatukuliona tena. Dereva wake tulimwona baadaye akiuza chumvi sokoni, akasema tusimuulize kitu.

Mimi nilikuwa sekretere wa shule ya watoto wa askari, huko Base, na nilikuwa bado kwenye majaribio. Kazi ile sikuifundishwa na mtu. Nilijifunza kupiga mashine ya kuandikia nyumbani, kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo, nikichora herufi kwenye kartoni na kuzigonga kwa vidole mpaka mama akadhani nimepatwa na ugonjwa. Baadaye baba alinipatia mashine kuukuu iliyotupwa kwenye ofisi moja ya reli. Kwa hiyo nilipoajiriwa niliishi kwa hofu kwamba siku moja mtu mwenye diploma ataingia, ataangalia jinsi ninavyoshika vidole, na kusema: huyu hajui. Nadhani hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe safi kupita kiasi. Herufi moja ikikaa vibaya, sikupata usingizi.

Shuleni mitihani ilichapwa kwa stensili. Kwa asiyejua, stensili ni karatasi laini yenye nta. Mashine huikata herufi, kisha kwenye mashine ya roneo wino hupenya pale palipokatwa na kutoa nakala za darasa zima. Ukikosea, kosa linatoka kwenye kila nakala. Zamani kulikuwa na dawa nyekundu ya kuziba makosa, lakini wakati wa vita haikupatikana, na stensili zenyewe zilikuwa zimebaki chache kabatini. Direkteri, mkuu wa shule, aliniambia waziwazi, kwa upole wake wa kawaida:

"Mwanangu, kuna mutoto wa kaka ya mukubwa moja hapa anataka hii kiti yako. Minamwambia angoje. Lakini ukiniharibia stensili, nitamwambia nini?"

Bila kazi yangu nyumbani kwetu pasingekuwa na chochote, maana baba, fundi wa injini za treni, alikwenda karakana kila siku na kurudi bila mshahara. Basi nikapanda baiskeli yake. Njia ya Base ni ndefu, na ina sehemu za udongo mwekundu uliojikunja kama bati, halafu mchanga. Nilifika kwa wakati. Lakini mikono ilikuwa imetikiswa na usukani njia nzima, na nilipoiweka juu ya mashine ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Stensili ya kwanza niliiharibu. Niliikunja nikaificha ndani ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, nikaanza nyingine.

Jioni nilimwambia baba kwamba ninahitaji chombo chenye injini. Hakucheka. Mama pia hakucheka. Alikwenda akaifuta vumbi cherehani yake, na nilielewa kabla hajafungua mdomo. Tangu vita vianze hakuna aliyeshona nguo mpya, alisema, cherehani imekuwa meza tu. Nilitaka kukataa kwa adabu. Sikukataa.

Mtu aliyekuwa na vyombo vya kubadilishana alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mwenye asili ya Maniema, aliyefanya biashara ya samaki wa Bukama na kitu kingine chochote kilichopita mbele yake. Uani kwake kulikuwa na viwili: pikipiki nyekundu yenye magurudumu makubwa, na skuta kubwa ya rangi ya majivu, nzito, yenye uso mpana na sakafu ya kuwekea miguu. Ilikuwa ya watawa wa misheni, walioondoka vita vilipokaribia. Alikuwa tayari kutoa kimoja, chochote, kwa cherehani na magunia ya mahindi ya shamba letu.

Baba aliikagua pikipiki kama anavyokagua injini ya treni: akainama, akaweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza. Akaridhika. Skuta aliitazama akiwa wima.

"Angalia magurudumu yake," aliniambia. "Ile ni ya pusupusu, ya mukokoteni. Ya kubebea ndizi ku soko. Mu mucanga itazama mupaka shingo."

"Baba, minaomba nizijaribu zote mbili."

"Jaribu. Nani anakukataza?"

Lakini sikuwa nimekuja kujaribu mbio. Siku ya tatu nilirudi uani pale na mashine yangu ya kuandikia kichwani, nikaiweka juu ya gunia la maharagwe, nikaingiza karatasi. Mzee aliacha kuhesabu tasbihi yake.

"Binti yangu, hii nayo unauzisha?"

"Hapana, Papa. Ni ya kupimia."

Nilipanda pikipiki, nikaizungusha kwenye njia mbovu iliyo nyuma ya soko mpaka mwili ukachoka, nikarudi mbio, nikaketi mbele ya gunia na kuandika. Kuendesha nilikuwa nimejifunza siku mbili zilizotangulia, kwa vyombo vilevile alivyoniazima mzee, kwenye uwanja wa mpira wa watu wa reli, kwa mtindo wangu wa kila kitu: peke yangu, nikiogopa. Karatasi ilitoka na herufi zilizopandana. Nikapumzika hadi mikono itulie, nikapanda skuta, nikapita njia ileile, nikaketi tena, nikaandika sentensi ileile. Watu walikuwa wamekusanyika ukutani. Mzee alicheka mpaka kofia ikasogea.

"Bantu bote banakuya hapa banauliza: inakimbia? Inakunywa esansi mingi? Weye njo wa kwanza kuuliza kama inaandika!"

Na iliandika. Ile skuta ilikuwa na kiti kipana chenye springi, na uzito wake uliyameza matuta kabla hayajafika kwenye usukani. Mistari ilitoka safi. Kulikuwa na jambo jingine pia. Pikipiki hubadilishwa vitesi, yaani gia, kwa mguu, na mguu wangu ulikuwa mjinga. Kwenye skuta vitesi vyote viko katika mkono wa kushoto: unabana ambreyaji, yaani klachi, kisha unazungusha mshiko wenyewe, juu au chini. Mikono yangu ndiyo iliyosoma katika mwili huu. Ilielewa mara moja. Na kwenye sakafu ile ya bapa niliweka miguu pamoja, nikiwa nimevaa kikwembe changu kama mtu aliyeketi sebuleni.

Baba, aliyekuwa ukutani pamoja na watazamaji, ndiye aliyenibebea mashine wakati wa kurudi. Karibu na nyumbani akasema, "Mu mucanga utaisukuma."

"Nitaisukuma, baba."

"Basi usinililie."

Sikumlilia. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na shaka, kwa sababu nina shaka kuhusu karibu kila kitu, hata kama nimefunga mlango. Lakini kuhusu skuta ile sikuwa nayo. Asubuhi ya kwanza mama aliipaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye uso wake mpana, akanong'ona Kiluba chake, akanigeuzia mgongo ili nisione macho yake. Cherehani ilikuwa imekwenda. Nilipiga kiki.

Mtaani walinipokea. Mjini kwetu waliopanda skuta walikuwa watawa tu, kwa hiyo watoto walikimbia nyuma yangu wakipiga kelele, "Ma soeur! Ma soeur, utuombee!" na mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi akaongeza, "Aombee kwanza bwana yake mwenyewe, atapatikana wapi na ile kintu!" Nilipunga mkono. Penye mchanga nilishuka nikasukuma, kama baba alivyosema. Nilifika, nikaketi, nikaandika. Hakuna herufi iliyoteleza.

Nilipata majuma kadhaa ya namna hiyo, na niliyafurahia bila aibu. Kisha kizuizi cha askari njiani kilihamishwa.

Awali askari walikaa kwenye lango la Base, nao walinijua. Sasa waliwekwa wengine, wageni kwetu, mbali kidogo kabla ya lango, pale mchanga unapoanza, na kazi yao ilikuwa kuchukua vyombo kwa ajili ya vita. Ile pikipiki nyekundu, ambayo mwalimu mmoja alikuwa ameinunua, ilikuwa ya kwanza kwenda. Mimi niliambiwa habari hiyo asubuhi, lakini direkteri alikuwa ameniachia mtihani wa mwisho wa mwaka niuchape siku hiyohiyo. Nikaenda.

"Simama hapo! Shuka!" Aliyenisimamisha alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti iliyokauka. Wenzake walikuwa wameketi juu ya gogo wakila karanga. "Hii tunabamba. Kazi ya vita."

"Shefu, miye ni sekretere wa ku shule ya batoto yenu."

"Sekretere eko na miguu?"

"Iko, shefu."

"Basi."

Akapanda. Nilisimama kando, nimekumbatia mfuko wangu, nikiona cherehani ya mama ikiondoka mara ya pili, na nyuma yake kiti changu, na juu yake yule mtoto wa kaka ya mkubwa akijipangia kalamu. Askari alipiga kiki, injini ikaitika mara moja kwa sababu nilikuwa ninaitunza kama yai. Mguu wake wa kushoto ukatafuta kitesi. Ukapapasa sakafu tupu. Mguu wa kulia ukakuta pedali.

"Ah, kitesi njo hii!" alisema, akaikanyaga kwa nguvu. Ilikuwa breki.

Akaongeza mafuta, akakanyaga tena, injini ikapiga kelele na skuta ikabaki palepale. Wale wa kwenye gogo wakaanza kumtania.

"Eh! Punda inakukatala!"

"Iko inataka uombe rozari kwanza!"

Akakasirika, akashika mishiko yote na kuizungusha hovyo. Wa kushoto ukageuka bila ambreyaji kubanwa, na kutoka ndani ya injini ikatoka sauti ya meno ya chuma yakisagana. Skuta ikaruka mbele kama chura, ikazima.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa nyumbani wakilisikia hunicheka mpaka leo. Katika dakika zile hofu yangu ya kunyang'anywa iliondoka kabisa. Nilichokisikia kilikuwa ile sauti tu. Alipiga kiki tena, akasaga tena, na kila meno yaliposagana kitu ndani yangu kilisagwa nayo, kama ninavyojisikia mtu anapoandika jina langu vibaya. Alikuwa anakosea jambo jepesi! Bana kwanza, halafu zungusha. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangika. Nilipiga hatua, nikainua mkono wa kushoto kumwonyesha.

"Shefu..."

Aligeuka, jasho likimtoka. "Nini?"

Alinitazama mkono. Nami nikautazama. Nikauona ukiwa umekunjwa tayari, vidole vikibana ambreyaji isiyokuwepo.

"Minasema pole, shefu," nikasema, nikaushusha.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza. Alisaga mara nyingine, nyingine tena, nami nikasimama pale nikiacha kitu kifanyike vibaya mbele yangu, nikimeza kila sahihisho. Mwishowe skuta ililala ubavuni mchangani, na kioo cha taa kikapasuka. Wenzake walikuwa wameacha karanga ili wacheke vizuri. Kijana akaipiga teke tairi.

"Hii haina moto. Ni sanduku ya ba mon père, ya ba padri! Beba sanduku yako, uende."

Niliiinua. Sijui nilipata wapi nguvu. Na hapo nikaona hatari nyingine: nikipiga kiki mbele yao na kuondoka vizuri, ataona mkono wangu wa kushoto unachofanya. Basi sikuipiga. Niliisukuma kwenye mchanga, kichwa chini, mpaka pale njia inapopinda na vichaka vinaficha. Huko nikabana, nikazungusha, nikaenda.

Nilifika nimechelewa, na mikono yangu ikitetemeka kuliko siku za baiskeli. Direkteri alikuwa mlangoni, na stensili mkononi. Ilikuwa ya mwisho kabatini.

"Mutihani ni kesho," alisema.

"Najua, direkteri. Nikianza sasa nitaiharibu. Uniache nikae kidogo."

Sikuwahi kumjibu mtu mkubwa hivyo. Alinitazama, akaiweka mezani, akatoka. Niliketi nikaikalia mikono yangu yote miwili mpaka ikatulia. Kisha nikaandika mtihani wote, toka juu hadi chini. Aliporudi aliinyanyua stensili dirishani, mwanga upite kwenye herufi, akaifuata kwa ukucha mstari kwa mstari.

"Kesho ukuye mapema," alisema. "Wino ya roneo inakauka upesi." Habari ya yule mtoto wa kaka ya mkubwa sikuisikia tena kinywani mwake.

Kurudi nyumbani nilikuwa na kizuizi kilekile mbele yangu. Nilizima injini vichakani, nikashuka, nikapita nikisukuma.

"Sekretere! Sanduku imekufa?"

"Imekufa, shefu."

"Nilikuambia!"

Tangu siku ile, asubuhi na jioni, skuta yangu ilikufa penye kizuizi na kufufuka baada ya kona. Niliondoka nyumbani mapema zaidi ili mikono ipate muda wa kupumzika. Askari yule alizoea, akaanza kunionea huruma. Siku ya mvua, mchanga ulipokuwa mzito kama unga wa muhogo uliolowa, aliweka bunduki mgongoni, akaja akashika kiti kwa nyuma.

"Sukuma, dada," alisema. "Lakini juu ya nini ulichagua hii kintu?"

"Nilikuwa naangalia uzuri wake, shefu," nikamjibu, na tukasukuma.