Baba na Kitenzi cha Kupiga

Kila alasiri ya kiangazi kile, upepo ulipogeuka, harufu ya ngozi mbichi kutoka kichinjioni iliingia Kitengela na kukaa nasi mpaka jua lilipotua. Iliingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maziwa, hata kwenye nywele zetu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la tano. Mvua ilikuwa imekataa, na hakuna kiumbe kilichotulia. Ng'ombe wa Wamaasai walikatiza katikati ya mji wakitafuta majani, mbavu zao zikihesabika. Punda milia walivuka uwanda nyuma ya shule yetu kundi baada ya kundi, na malori ya kwenda Namanga mpakani yalinguruma mchana kutwa. Hata mabati ya nyumba yetu ya kupanga yaligongagonga kana kwamba nayo yalitaka kuhama.

Aliyekosa utulivu kuliko wote alikuwa Baba. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, mtu wa Bungoma aliyekuja huku kufuata mshahara, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uchungaji wa kanisa. Kila Jumamosi alikwenda Nairobi kusoma Kigiriki katika chuo kidogo cha wachungaji, maana kanisa letu lilitaka wachungaji wake wayajue Maandiko katika lugha yalimoandikwa. Kitenzi cha kwanza walichopewa kilikuwa tupto, yaani napiga. Baba alikizungusha mdomoni akinyoa ndevu, akifunga kamba za viatu, akitembea kutoka mlangoni hadi langoni na kurudi: tupto, tupteis, tuptei. Napiga, unapiga, anapiga. Kaka yangu Wafula, aliyekuwa darasa la saba, alikishika kabla yake, nasi tukawa tunakiimba tukiosha vyombo mpaka Mama akachoka na kutunyamazisha.

Kilichomsumbua Baba hakikuwa jinsi kitenzi kilivyogeuka mwisho, bali maana. Kamusi yake ilieleza Kigiriki kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikuridhika na neno moja. Askari wakimpiga mfungwa kichwani, ilikuwa strike. Mtumwa mbaya akiwapiga wenzake, ilikuwa beat. Mungu akimpiga mtu, ilikuwa smite, neno ambalo Baba alisema Waingereza wenyewe wameliacha, limebaki kanisani tu. Na mahali pamoja, ambapo mtu anaiumiza dhamiri ya ndugu yake aliye dhaifu, kitenzi kilikuwa kilekile lakini Kiingereza kiliandika wound, kujeruhi.

"Maneno manne," Baba alisema mezani, "na Mgiriki ako na moja."

Mama hakuinua macho kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata. "Hata sisi tuko na moja. Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga mtu. Anayepigwa ndiye anajua ni gani."

Shuleni tulipigwa kwa kuchelewa, kwa kufeli hesabu, kwa kuongea lugha ya nyumbani. Halikuwa jambo la kusimulia. Kwa hiyo Wafula hakusimulia nyumbani habari ya siku ile gwaride la asubuhi lilipokuwa likiendelea, punda milia wakapita karibu na ua, naye akawageukia akasahau aliko. Mwalimu Mkuu alimwita jina, hakusikia. Mwalimu Mkuu akashuka kwenye ngazi, akamfikia kwa upande na kumzaba kofi la sikio la kushoto. Niliona Wafula akiyumba. Kisha akajinyoosha, tukaimba wimbo wa taifa.

Siku kadhaa baadaye, Jumapili baada ya ibada, Baba alimwita Wafula aje amsikilize akikariri. Wafula alikuwa ameketi kwenye kigoda, sikio la kushoto likimwelekea Baba. Hakugeuka. Baba akaita tena. Hakugeuka. Baba, ambaye subira yake ilikuwa imekwisha pamoja na maji ya tangi, aliinuka na kunyanyua mkono akidhani ni kiburi. Wafula aliuona mkono kwa pembe ya jicho, akajikunyata, akafunika sikio lake kwa viganja vyote viwili. Baba alibaki amesimama hivyo, mkono hewani. Polepole aliushusha, akazunguka upande wa pili, akaliita jina lile kwa sauti ya chini. Wafula aligeuka mara moja.

Zahanatini walisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka, na usaha umeanza. Mwenye nyumba wetu, mama wa Kimaasai tuliyemwita Yeyo, alikuja kumtazama. Kwa desturi ya kwao watoto tulimwinamia atuguse kichwani, lakini siku hiyo Wafula aliukwepa mkono wake. Yeyo aliurudisha mkono kwenye shuka yake. "Hata ng'ombe mkaidi hatupigi kichwa," alisema, akaenda zake.

Shida ni kwamba Mwalimu Mkuu alikuwa pia mzee wa kanisa letu, na ndiye aliyeongoza kamati ya kuwapitisha wanaotaka kuwa wachungaji. Jina la Baba lilikuwa mbele yao. Mama alimkumbusha kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Jioni yote Baba alitembea kutoka mlangoni hadi langoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa akikariri kitu.

Asubuhi iliyofuata alitupeleka shuleni mwenyewe, akaingia nasi ofisini. Mwalimu Mkuu alimchangamkia, akamwita ndugu, akatuonyesha viti. Baba hakuketi. Alieleza habari ya sikio kwa maneno machache, akamaliza, "Sijakuja kugombana. Nataka umwombe msamaha."

"Nimwombe mtoto?"

"Ndiyo. Huyu."

Mwalimu Mkuu alicheka kidogo. "Ndugu yangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na kamati inakaa wiki ijayo. Usiharibu mambo yako kwa kofi moja."

Baba alinyanyua mikono, nikaogopa. Lakini aliiweka kwenye mabega ya Wafula. "Nimefikiria hayo yote," alisema. Tulisikia darasa la jirani likisoma kwa pamoja. Mwishowe Mwalimu Mkuu aliinama mezani, akatazama karatasi zake, akasema kwa sauti ya chinichini, "Pole, kijana." Wafula, aliyekuwa amempa upande wa kushoto, aliendelea kutazama dirisha.

"Hajasikia," Baba alisema. "Sema tena."

Mwalimu Mkuu alimtazama Wafula, na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeona kitu alichokuwa akisimuliwa tu. Alifungua kinywa. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuandika. Tulitoka.

Kamati ilisema Baba bado hajakomaa kiroho. Hakuomba tena nafasi hiyo. Alituhamishia shule nyingine, mbali zaidi kwa miguu, akaendelea na stoo mpaka alipostaafu na kurudi Bungoma. Sikio la Wafula halikupona. Yeye sasa anaishi Rongai na familia yake, na mkewe amezoea kulala upande wa kulia.

Uwanda ule wa punda milia umejaa maghorofa ya kupanga, na mimi ni mwalimu Kajiado. Sheria ilikataza viboko shuleni nilipokuwa bado mwanafunzi, lakini wazazi bado wananijia wakiwashika watoto wao mkono. "Madam, huyu umpige tu, nimekuruhusu." Nakataa, na kukataa kwangu ni kwepesi: sheria iko nyuma yangu, mshahara wangu hauguswi, hakuna kamati inayonisubiri. Baba hakuwa na sheria wala mtu wa kumuunga mkono. Mzazi akiondoka, mara nyingi siketi. Natembea kati ya madawati nikijiuliza kama ningesimama ofisini mle, kwa bei aliyolipa yeye.