Kuku wa mama mkwe na mti wangu wa sekwoya

Jamani, leo nimeona mti wa kuishi miaka elfu tatu ukiliwa mbele ya macho yangu, na sikuweza kutoka nje!

Sekwoya ni ile miti mikubwa ajabu, kwao Marekani, kwenye baridi.
Hapa Ilemela tuna mawe na jua.
Lakini mimi mbishi. Mbegu nikazilaza kwenye friji pamoja na sangara, zidhani ni baridi ya kwao.

Ikaota moja! Urefu wa kidole. Nikaiweka barazani kwenye kopo la rangi.

Leo mama mkwe kafika kutoka Nansio na kuku wa zawadi. Akamwachia hapohapo barazani, naye akakaa kupumzika.

Mimi ndiyo natoka kuoga. Dirishani namwona kuku anausogelea mti wangu.

Sasa niambieni, unatokaje na taulo mbele ya mama mkwe?

Nikagonga kioo.
"Shikamoo mama! Mama, kuku!"
"Marahaba baba! Ndiyo, nimewaletea!"

Kuku akadonoa mara moja. Kwisha habari.

Mke wangu alipomweleza, mama alisikitika kweli. Akaagiza kuku achinjwe mchana huohuo.
Mezani firigisi, kama kawaida, nikawekewa mimi, baba wa familia.
Nikaitafuna polepole, maana mti wangu uliishia humo.

Mama kaniangalia kwa huruma.
"Pole baba. Safari ijayo nitakufidia."

Ataniletea kuku wawili.